Bahati au akili? Jibu kwa mdogo wangu wa Tabora kuhusu mashindano ya Hearthstone

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na nimekaa nalo siku tatu maana sikutaka kukujibu haraka haraka. Kwa ambao hawajaliona, kijana anasema ameangalia fainali ya dunia ya 2019 ya Hearthstone, ule mchezo wa karata wa kwenye kompyuta na simu, ile ya Anaheim, California, ambapo dada wa Kichina anayejiita VKLiooon alimpiga Mmarekani bloodyface tatu bila akaondoka na dola 200,000. Washkaji zake geto wamemwambia hamna lolote pale, ni bahati tu, karata anagawa kompyuta, ungecheza hata wewe ungeshinda. Yeye anacheza kwenye simu, kafika Diamond 4 kwenye ngazi (yale madaraja ambayo kila mchezaji anapanda), na anauliza ni bahati au ni akili, na je mtu wa Tabora mwenye simu na bando anaweza kuingia mashindano ya kweli. Alafu kwa chini kabisa kaandika kwamba mzee wake anasema hii ni kamari.

Nianze na washkaji, maana wana hoja na sitaki uwadharau. Karata kweli anagawa kompyuta. Deki yako ina karata 30 ulizozipanga mwenyewe, ikishachanganywa hujui inayofuata ni ipi, na kuna karata nyingine zenyewe zimetengenezwa na bahati ndani yake. Bingwa wa 2016, Mrusi anaitwa Pavel, alichukua dola 250,000, na mpaka leo watu wanamkumbuka kwa karata moja ndogo ya mana 1 (mana ni ile nguvu unayolipia karata) inaitwa Babbling Book, kitabu kinachobwabwaja, ambayo ukiiweka mezani inakupa uchawi wowote wa Mage, mmoja wa mashujaa ambao deki zinajengwa juu yao, bila wewe kuchagua. Kwenye mechi za kuelekea fainali alikuwa anaelekea kufa, kikampa uchawi aliokuwa anauhitaji, akapona, na wachezaji dunia nzima wakakibatiza kile kitabu jina lake. Kwahiyo ukimwambia mshkaji wako kwamba bahati haipo utakuwa unamdanganya, na yeye atakuwa na haki ya kukucheka.

Ila sasa muulize, babu zetu wanaocheza wahedi wasitini pale kibarazani, karata si wanachanga na kugawa vile vile? Mbona kuna mzee mmoja kila mtaa ambaye kila siku yupo upande unaoshinda? Yule mzee anahesabu turufu. Anajua zimetoka ngapi, anajua nani alisita sekunde mbili kabla ya kutupa, anajua ree ya kopa bado iko kwa nani. Mkono mmoja unaweza kumfunga, hata mitatu, lakini kaa nae mwezi mzima uone. Nimetumia mfano huo makusudi maana mashindano ya Hearthstone yamejengwa kwa akili hiyo hiyo, yaani bahati inaachiwa iamue mkono mmoja, alafu mfumo wenyewe unakulazimisha ucheze mikono mingi mpaka bahati ichoke.

Ngoja nikufanyie hesabu, usiikimbie maana ndo moyo wa jibu langu. Chukua mchezaji mzuri lakini sio wa ajabu, kila gemu moja ana nafasi ya asilimia 55 kushinda. Yaani yuko juu ya mpinzani wake kidogo tu, na ukimuangalia gemu moja huwezi kuona tofauti. Mpe mechi ya gemu tano, wa kwanza kufika tatu ndo mshindi, ile 55 inakuwa 59 na kidogo. Bado ndogo eeh? Sasa mpe raundi tisa za mfumo wa Uswisi, ule ambao hutolewi ukifungwa mara moja bali kila raundi unakutana na mwenye pointi kama zako, na tuseme anatakiwa ashinde mechi saba katika hizo tisa. Mtu wa bahati tupu, nusu kwa nusu, anafika saba kama mara 9 katika mashindano 100. Huyu wetu wa 55 anafika kama mara 22. Na ukimpata wa 60 kwa kila gemu, mechi yake ya gemu tano anashinda asilimia 68, na saba kati ya tisa anazifikia mara 42 hivi. Umeona inavyopanda? Tofauti ya asilimia kumi mezani imegeuka kuwa zaidi ya mara nne mwisho wa siku.

Geuza upande wa pili pia, maana usipougeuza utaumia. Yule wa 60, mkali kweli kweli, bado mashindano 58 katika 100 anarudi nyumbani bila kufika saba. Ndo maana ukiangalia shindano moja peke yake unaweza kuapa ni bahati. Angalia miaka. Mjerumani Bunnyhoppor alishinda ubingwa wa kiangazi wa 2018, alafu 2022 akaja kuwa bingwa wa dunia. Miaka minne katikati, karata nyingi zimebadilishwa, mashujaa wapya wameongezwa, yeye bado yupo. Bahati haikai na mtu miaka minne.

Sasa nikupeleke sehemu ambayo watazamaji wengi hawaioni kabisa kwasababu inatokea kabla kamera hazijawashwa. Kwenye mashindano huji na deki moja kama unavyofanya kwenye ngazi. Mfumo uliotumika sana unaitwa Conquest, kila mtu analeta deki nne za mashujaa wanne tofauti, mpinzani wako anaifungia moja, zinabaki tatu, na ili ushinde mechi lazima kila moja kati ya zile tatu ishinde gemu moja. Deki ikishashinda inakaa pembeni, huitumii tena. Fikiria hapo. Kwenye ngazi ukiwa na deki moja kali unapanda nayo mpaka juu, ila hapa deki yako dhaifu nayo lazima ishinde, huwezi kuificha, na mimi mpinzani wako nikishajua ipi ni dhaifu naisubiri kama fisi anavyosubiri mkono wa binadamu udondoke. (Mifumo mingine imejaribiwa, 2019 mashindano ya Masters Tour yalianzia Las Vegas na mfumo wa Specialist, unaleta shujaa mmoja tu na matoleo matatu ya deki yake yaliyopishana karata chache, mimi binafsi ulinichosha kuuangalia, gemu zote zinafanana.)

Kwahiyo wiki mbili kabla, mchezaji wa kulipwa hashindi anapanda ngazi. Anakaa na wenzie watatu wanne, wana jedwali, deki zote zinazotegemewa kuletwa zimeandikwa pembeni na juu, na kila kisanduku kina namba: hii dhidi ya hii inashinda mara ngapi. Wanacheza wao kwa wao, ishirini, thelathini, namba moja moja inajazwa. Wanachotafuta ni deki nne zenye njaa moja. Mfano, naamua kabisa kwamba mimi nakuja kuua deki za polepole, zile za kujikinga mpaka mwisho, basi zote nne ziwe zinaziua hizo, alafu kila mechi nafungia ile moja ya haraka inayonimaliza mimi. Nikikutana na mtu kaleta tatu za polepole, mechi imeshaamuliwa nusu kabla hatujasalimiana. Nikikutana na mtu kaleta nne zote za haraka, nimekwisha, nafungia moja, zinabaki tatu za kuninyonga. Hiyo sasa ni kamari? Hapana, huo ni usomaji wa watu, unakaa unajiuliza watu mia tatu wale wataleta nini, na wao wanajiuliza wewe utaleta nini. Waswahili tunasema changa karata zako vizuri, na hapa unazichanga wiki mbili kabla ya gemu.

Twende mezani. Hili la kutupa karata za mwanzo naliona hata kwa watu wa Legend, daraja la juu kabisa, wanakosea. Ukianza wewe unapewa karata tatu, ukiwa wa pili unapewa nne na ile sarafu ya kukuongezea mana moja. Unaruhusiwa kurudisha unazozikataa ukapewa nyingine. Sasa tuseme deki yako inategemea karata fulani, umeweka nakala mbili kati ya 30. Kwenye zile tatu za kwanza nafasi ya kuiona ni asilimia 19. Ukiikosa alafu ukatupa zote tatu kuisaka, jumla yako inafika karibu 37. Karibu mara mbili! Ila ukiwa muoga ukasema hii nayo sio mbaya ngoja niibakishe, na hii nayo, unatupa moja, ile nafasi inabaki 25 na kidogo tu. Mchezaji wa kawaida anabakisha karata "sio mbaya". Mchezaji wa mashindano anajiuliza dhidi ya deki hii niliyokutana nayo, na orodha yake mara nyingi ipo wazi tumeshaisoma wote, ni karata gani inanishindia, na kama haipo mkononi zote zinarudi, hata kama ni nzuri. Inahitaji roho ngumu kurudisha karata nzuri. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima.

Na hata ile bahati yenyewe inalimwa kama shamba. Nikupe gemu yangu moja nisiyoisahau. Nacheza shujaa anaitwa Warrior, mwenzangu ana askari watatu mezani, mimi nina mmoja, na mkononi nina Brawl, karata ya mana 5 inayoua askari wote wa pande zote mbili kasoro mmoja, na huyo anayebaki anachaguliwa na kompyuta kwa bahati. Ukibonyeza hapo hapo askari wako ana nafasi moja kati ya nne kubaki, robo. Nilikuwa na mana 7 na shoka tayari mkononi. Nikampiga mmoja kwa shoka akafa, nikatumia karata ndogo ya mana 2 kummaliza wa pili, ndo nikabonyeza Brawl, wangu mmoja dhidi ya wake mmoja, nusu kwa nusu. Wangu akabaki. Aliyekuwa anaangalia pembeni akasema una bahati wewe! Kweli nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimeshaiongeza mara mbili kwa mkono wangu kabla sijaiomba. Na angebaki wa kwake bado ningekuwa nimecheza sahihi, na hapo ndo penye ugumu wa huu mchezo mdogo wangu, unaweza kucheza sahihi ukafungwa, ukacheza ovyo ukashinda, na usipojua kutenganisha hivyo viwili hujifunzi kitu hata ucheze miaka kumi.

Kitu kingine angalia mkono wa mpinzani. Huzioni karata zake lakini unaziona migongo, na karata mpya siku zote inaingia upande mmoja wa mkono wake. Kwahiyo ile iliyokaa mwisho kabisa upande wa pili huenda anayo tangu mwanzo, na kama hakuitupa alipokuwa na ruhusa basi aliibakisha kwa makusudi. Raundi ya sita sasa hajaiweka. Kwanini? Unajua orodha yake, unajua mana alizokuwa nazo kila raundi, unaanza kufuta: ingekuwa hii angeiweka raundi ya nne pale nilipomuwekea askari wawili, ingekuwa ile angeitumia kuniua yule mkubwa. Zinabaki mbili tatu. Yote hiyo unaifanya ndani ya sekunde 75 za zamu yako, na zikikaribia kuisha kuna kamba inaanza kuungua katikati ya meza, watu wengi wakiiona ile kamba vidole vinatetemeka wanaweka chochote. Wale wa jukwaani wanakaa na hedifoni kubwa masikioni wasisikie watangazaji wala watazamaji, wao na kamba tu. Rudia ile fainali uliyoiangalia ukiwa umezima sauti, kila zamu simamisha, sema kwa mdomo wewe ungecheza nini na kwanini, ndo uendelee. Fainali moja inaweza kukuchukua jioni nzima, sio vibaya.

Na kuhusu huyo dada, kuna kitu alikisimulia mwenyewe pale jukwaani baada ya kushinda. Miaka ya nyuma alikuwa kwenye foleni ya kujiandikisha kwenye mashindano, mwanaume mmoja akamwambia kama wewe ni msichana usipange foleni hapa, hapa sio pako. Hakukata tamaa. 2019 akawa mwanamke wa kwanza kubeba ubingwa wa dunia wa Hearthstone, na akawaambia wasichana wenye ndoto hii wasahau jinsia yao waende wakaipiganie. Umesema una dada yako wa form three anayecheza kwenye simu yako ukiwa umelala. Mpe akaunti yake. Nakwambia kwa dhati, mpe, na uwe unafanya nae mazoezi, maana mtu wa kufanya nae mazoezi ndani ya nyumba moja ni mali ambayo wachezaji wengi wa Ulaya hawana.

Haya, swali la pili, mtu wa Tabora anaweza? Kuingia, anaweza. Hearthstone iko kwenye simu tangu Aprili 2015, mimi ndo nilianza nayo hapo, na huu ni mchezo wa zamu, sio kama mpira au bunduki ambapo intaneti ikisita nusu sekunde umeshafungwa. Hapa inatumwa taarifa ndogo tu kwamba umeweka karata fulani, kwahiyo hata mtandao wetu wa kusuasua unatosha, na bando haliliwi sana ukiondoa zile apdeti kubwa ambazo bora uzishushe kwenye waifai ya mtu. Akaunti yako iwe kwenye seva ya Ulaya, ndo Afrika tunaangukia huko. Adui yako ni umeme na chaji. Simu ichajiwe mpaka mwisho, pawabenki iwepo, na laini ya pili ya mtandao mwingine iwe na bando tayari, maana mtandao ukikatika katikati ya gemu unaweza kurudi ukaendelea pale pale ila zamu yako haikusubiri.

Mechi za mchujo zinachezwa mtandaoni. Unajiandikisha, unatuma kodi za deki zako (yale maandishi yanayobeba orodha ya karata za deki) kabla ya muda kufungwa, na kuanzia hapo hubadilishi kitu. Hapa nikuambie kilichonikuta maana bado kinaniuma. Usiku wa kuamkia mchujo mmoja nilibadilisha karata mbili kwenye deki yangu ya Hunter, nikaridhika, nikalala. Kodi niliyokuwa nimeshaituma ilikuwa ya zamani. Raundi ya tatu mpinzani akaona nimeweka karata ambayo haipo kwenye orodha yangu, akaita mwamuzi, gemu nikanyang'anywa nikiwa naongoza, na alikuwa na haki kabisa. Mechi ile nikapoteza mbili kwa tatu. Tangu siku hiyo nikishatuma kodi naifungua upya kutoka kule nilikoituma, nainakili, naitengenezea deki mpya kwenye simu, naipa jina la shindano, na hiyo ndo nachezea. Dakika tano tu. Fanya hivyo hivyo. Na kabla ya yote soma kanuni zao upande wa umri na nchi, mashindano rasmi yanataja nani anaruhusiwa kupokea zawadi, usije ukacheza siku mbili alafu ukakuta jina la nchi yako halimo.

Kwa Diamond 4 uliyopo, bado hujafika. Sikukatishi tamaa, nakupa ramani. Kwanza Legend, na uifikie miezi mitatu mfululizo, sio mara moja kwa bahati ya mwisho wa mwezi. Na usiipande kwa deki moja. Kila mwezi beba shujaa tofauti, maana kumbuka Conquest inataka deki nne, na mtu anayejua deki moja tu akiingia mashindanoni ni kama fundi mwenye nyundo peke yake. Uwe na daftari, kweli daftari la karatasi, kila gemu uliyofungwa andika mstari mmoja: zamu ipi ungeibadilisha. Ukiandika "bahati mbaya" zaidi ya mara mbili kwa siku, jua siku hiyo hujifunzi, zima simu kalale.

Upande wa hela niwe mkweli zaidi, maana hapa ndo vijana wanadanganywa. Zile dola 200,000 za 2019 zilikuwa za enzi za neema. Mwaka ule ule hela zilimwagika kila kona, Boston mwezi Machi 2019 mashindano ya Magic, mchezo mwingine wa karata, kwenye programu yake ya Arena yaliweka dola milioni 1 mezani na Muitaliano Andrea Mengucci akachukua 250,000, na kule Japani mwishoni mwa 2018 Shadowverse, nao mchezo wa karata, walikuwa wameweka dola milioni 1 kwa bingwa peke yake. Baada ya hapo hali ikapoa. Ligi ya Grandmasters ya Hearthstone iliyoanza 2019 ilifungwa baada ya 2022, na zawadi zikapungua sana. Mabingwa wapo, mashindano yapo, ila wanaoishi kwa zawadi peke yake ni wachache mno, wengi wanaishi kwa kurusha laivu na kufundisha. Kwahiyo chuo usiache. Ukiniuliza mimi kwanini basi bado nakwambia ingia, ni kwasababu hakuna kitu kilichonifundisha kufikiri kwa utulivu kama huu mchezo, na kwasababu napenda kuona jina la mtu wa kwetu kwenye lile jedwali la raundi ya kwanza, hata kama itaishia ya nne.

Tumalizie kwa mzee, na hili usilipuuze. Kamari ni unaweka hela yako, bahati inaamua, unapata au unapoteza. Mashindano niliyoingia mimi sikulipa kiingilio, na ukifungwa unapoteza muda wako tu, kwahiyo hapo unaweza kumueleza kwa heshima. Ila mzee ana nukta moja na mpe haki yake: zile pakiti za karata. Pakiti unaweza kununua kwa hela halisi bila kujua ndani kuna nini, na ule utamu wa kufungua moja baada ya nyingine unafanana sana na kamari, nimewaona watu wazima na mishahara yao wakizama humo. Wewe cheza kwa dhahabu unayopata ndani ya mchezo, 100 kwa pakiti. Karata adimu kabisa ya rangi ya chungwa una uhakika wa kuipata angalau moja kila pakiti 40 za seti moja, kwahiyo bora ukusanye kwenye seti moja kuliko kutawanya. Na usizivunje karata zako ovyo kutafuta vumbi, kutengeneza hiyo adimu unahitaji vumbi 1600 na ukiivunja unarudishiwa 400 tu, robo. Deki moja kamili, alafu ya pili, taratibu. Siku moja mkalishe mzee pembeni yako, usimwambie chochote kuhusu dola, mwoneshe meza, mwambie hizi ndo mana zangu, hizi karata zangu, yule ana migongo saba mkononi, mzee ungecheza nini hapo? Kama ni mcheza bao nadhani ndani ya dakika kumi ataanza kukugombeza kwamba umeharakisha.

Sasa kazi yako. Nitumie deki nne ambazo ungezipeleka kwenye Conquest leo hii kwa karata ulizonazo, sio za kuota. Kwa kila moja andika inaua nini na inauawa na nini, alafu niambie ipi kati ya hizo nne unaogopa nisiifungie. Nikizipata nitakaa nazo jioni, na Jumamosi tukutane seva ya Ulaya saa tatu usiku tucheze gemu tano, mimi nikiwa na zangu. Laini ya pili iwe na bando.